Likasi: Mji wa Shaba na Watu Walioujenga

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Lilongwe hukutana na neno shaba mapema, aghalabu katika orodha moja na dhahabu, fedha na chuma. Kwa kuwa Chichewa kina neno lake, mkuwa, maana haimsumbui. Jambo ambalo orodha hizo hazimwambii ni kwamba kwa miaka 26 neno hilo lilikuwa jina la mkoa mzima. Kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 mkoa wa Katanga, kusini mwa Kongo, uliitwa Shaba, na wenyeji wake wakaitwa kwa Kiswahili chao bana Shaba, yaani wana wa Shaba. Si mara nyingi Kiswahili kikaandikwa hivyo juu ya ramani ya nchi ambayo serikali yake iliendesha kazi zake kwa Kifaransa.

Insha hii inahusu mji mmoja wa mkoa huo: Likasi, ulio kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi. Nimeuchagua kwa sababu ya swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza wakitoka Dzaleka. Kambi hiyo, iliyoko wilayani Dowa, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Rais Banda, kisha ikafunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Leo Kiswahili ndicho lugha ya soko lake, nacho kwa sehemu kubwa ni Kiswahili cha Kongo. Mwanafunzi aliyezoea vitabu vya Tanzania husikia njo mahali pa ndio, bantu mahali pa watu, bintu mahali pa vitu, akarudi darasani akiuliza ni nani aliyekiharibu Kiswahili. Wakongo wengi wa Dzaleka si watu wa Katanga. Wengi wametoka Kivu. Lakini anayetaka kuelewa namna Kiswahili kilivyokuwa lugha ya wafanyakazi ndani kabisa ya bara, mbali na bahari na mbali na misikiti ya pwani, hana budi kupita katika miji ya shaba.

Shaba yenyewe ilikuwako kabla ya mji. Karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kufika, mafundi wa Katanga walichimba malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, wakaliyeyusha katika tanuri za udongo na kulimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo haikuwa na uhusiano wowote na kanisa. Ilikuwa mali na fedha, ilitumika katika biashara, na imefukuliwa makaburini katika bonde la mto Lualaba, mingine ikiwa imewekwa kifuani pa marehemu. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilishikwa na Msiri, mfanyabiashara mwenye asili ya Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, aliyejijengea ufalme wenye makao yake makuu Bunkeya. Misafara yake iliuza shaba na pembe za ndovu pande zote mbili, Bahari ya Hindi na Atlantiki, na pamoja na bidhaa ilibeba Kiswahili. Mnamo Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na kuuawa na msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Msomaji wa Malawi huenda akapenda kujua kwamba msafara huo ulirejea pwani kwa njia ya Ziwa Nyasa na mto Shire. Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria huko Chinde, kwenye mlango wa Zambezi, mwaka 1892, asifaidi alichokiteka.

Walioifaidi walikuja na vitabu vya hesabu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini, iliyoungana na reli za makoloni ya Waingereza, ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikaendelea hadi Kambove mwaka 1913. Hapo katikati, palipokuwa na machimbo ya kale ya Likasi, kampuni ilijenga mji wa viwanda. Panda kulisimamishwa mtambo wa kuchambua madini mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shituru kulifunguliwa mwaka 1929 kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme: madini yanayeyushwa ndani ya asidi, mkondo wa umeme unapitishwa, na shaba safi inajikusanya polepole juu ya mabamba kama ukoga mzito. Umeme huo ulitoka kwenye maporomoko ya mto Lufira, ambako bwawa la Mwadingusha lilianza kazi mwaka 1930. Mji ukapewa jina la mhandisi na tajiri wa Kibelgiji, Jean Jadot, ukawa Jadotville. Katikati kulikuwa na barabara pana zenye miti, nyumba za Wazungu, hoteli na kanisa. Pembeni, kambi za wafanyakazi za Panda na Shituru, na mtaa wa Kikula kwa Waafrika wasioajiriwa na kampuni. Majina hayo matatu, pamoja na Likasi yenyewe, ndiyo majina ya tarafa nne za mji hadi leo.

Tatizo la kampuni lilikuwa watu. Katanga haikuwa na wakazi wengi, na waliokuwako hawakuwa na hamu ya kuingia shimoni. Kwa hiyo watu waliletwa. Mwanzoni wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini na hata Nyasaland, yaani Malawi ya leo, nchi iliyokuwa tayari imezoea kuwatuma vijana wake mbali na kuwasubiri, na ambayo wasiorudi imewapa jina la huzuni, machona. Baadaye kampuni iligeukia Kasai, Lomami, na katika miaka ya 1920 Ruanda-Urundi. Reli ya kuelekea Kasai ilipokamilika mwaka 1928, mabehewa yalileta Waluba wa Kasai kwa maelfu. Ninaomba msomaji aikumbuke reli hiyo, kwa maana tutaikuta tena.

Watu hao hawakuwa na lugha moja. Mwanzoni, kwa sababu ya ukaribu wa migodi ya kusini, kulitumika lugha ya mchanganyiko iliyotoka Afrika Kusini, pamoja na Kiingereza cha makarani. Wabelgiji hawakupendezwa, waliona kila neno la Kiingereza kama mguu wa Mwingereza mlangoni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Kiswahili kilipendelewa makusudi, na kampuni, serikali na wamisionari wakakifundisha. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyechunguza vitabu vidogo vya lugha walivyopewa mabwana wa kazi, ameonyesha kwamba vingi vilijaa vitenzi vya kuamuru. Leta, chukua, haraka, nyamaza. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anajua kwamba hali ya kuamuru ni rahisi kuifundisha, kwani haihitaji kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Anayeamuru hana haja ya kujua nani anafanya nini lini.

Lakini lugha haikai pale ilipowekwa. Usiku, katika safu za nyumba za kambi, Muluba, Mubemba, Munyarwanda na Mulunda walizungumza Kiswahili hicho hicho wakikizalia nyakati, hadithi, matani na mahari. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliruhusu wafanyakazi wake kuja na wake zao na kuwapa mikataba ya miaka mitatu. Haikuwa huruma, ilikuwa imeona kwamba mfanyakazi anayekaa ni nafuu kuliko anayebadilishwa kila baada ya miezi michache. Watoto waliozaliwa Panda na Shituru walipata posho kwa vipimo, shule ya wamisionari, zahanati ya kampuni, na lugha ya mama ambayo mama zao hawakuzaliwa nayo. Anayesema kwamba Kiswahili cha Kongo kimeharibika anasahau kuuliza kilikuwa mali ya nani wakati huo. Kiambishi ba- katika bantu na bi- katika bintu si makosa ya mtu mvivu. Ni lugha za Kibantu za jirani zikikikaribisha Kiswahili nyumbani kwao.

Kambi hizo zilijua pia kusema hapana. Vita vya Pili vya Dunia viliongeza kazi na kupandisha bei za bidhaa, huku mishahara ya Waafrika ikibaki nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi wa Jadotville na Elisabethville waligoma. Tarehe 9 mwezi huo, katika uwanja wa mpira huko Elisabethville, askari waliufyatulia risasi umati wa wagomaji. Miongoni mwa waliouawa alikuwa msemaji wao, karani Léonard Mpoyi.

Wakati huohuo, kilomita ishirini na kitu kutoka Jadotville, kulikuwa na shimo ambalo wakazi wengi wa dunia hawakulijua jina. Shinkolobwe liligunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza Robert Sharp. Kilichotafutwa mwanzoni kilikuwa radi, iliyouzwa kwa bei ya kutisha kwa matumizi ya hospitali, na urani ilionekana kuwa mabaki tu. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, akihofia Wajerumani, alipeleka tani 1,200 hivi za madini hayo New York na kuyahifadhi katika ghala la kisiwa cha Staten. Yalikuwa madini ya ajabu: baadhi yake yalikuwa na zaidi ya asilimia 60 ya oksidi ya urani, ilhali machimbo ya kwingineko yalihesabu sehemu ndogo ya asilimia moja. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kanali Kenneth Nichols, alikwenda kwa Sengier, na mzigo wote ukanunuliwa. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu la atomiki ilitoka Shinkolobwe. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la urani liliangushwa Hiroshima, na hadi mwisho wa mwaka huo watu wanaokadiriwa kufikia 140,000 walikuwa wamekufa mjini humo.

Waliochimba na kuchambua mawe hayo kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda wapi wala yanafanya nini katika mwili wa binadamu. Hilo ndilo linalonisumbua kila nikifundisha historia hii. Si siri ya vita peke yake. Siri za vita zina sababu zake. Ni kwamba hata vita vilipokwisha na siri ikawa habari ya magazeti duniani kote, majina ya wachimbaji hayakuingia katika habari hiyo. Malawi nayo ina urani yake, Kayelekera, wilayani Karonga. Mgodi huo ulifunguliwa mwaka 2009, ukasimamishwa mwaka 2014 baada ya bei kuporomoka kufuatia ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, tena Japani. Uzi unaoziunganisha nchi hizi ni mrefu kuliko tunavyodhani.

Miaka ya uhuru niipite upesi. Katanga ilijitenga na Kongo mwezi Julai 1960. Mwezi Septemba 1961 askari wapatao 150 wa Ireland, waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa, walizingirwa Jadotville kwa siku tano hadi maji na risasi vilipowaishia. Filamu imetengenezwa juu yao, na wageni wengi wanaolijua jina la Jadotville wanalijua kwa filamu hiyo, ambayo mji wenyewe umo kama pazia la nyuma tu. Mwaka 1966 jina la Jadot lilifutwa na Likasi ikarudi. Mwanzoni mwa 1967 mali za Union Minière zikawa mali ya dola, chini ya kampuni ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Gécamines.

Kwa wakazi, bwana alibadilika lakini nyumba ilibaki ileile. Shule, hospitali, unga, timu ya mpira, jeneza: vyote vilitoka kwa kampuni. Watu walisema Gécamines njo baba, njo mama. Hapo katikati ya miaka ya 1980 baba huyo alikuwa akizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mashine zikazeeka bila kubadilishwa, fedha zikachotwa na watawala, na Septemba 1990 mgodi mkuu wa Kamoto, huko Kolwezi, ukaporomoka. Mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, amekipa kitabu chake juu ya familia za wafanyakazi hao jina linalosema, kwa tafsiri, kwamba wana wa Shaba wametelekezwa na baba yao.

Japani nayo ina mji wa shaba, Niihama, katika kisiwa cha Shikoku. Mgodi wake wa Besshi ulifunguliwa mwaka 1691 na nyumba ya Sumitomo, ukafungwa mwaka 1973. Katika miaka hiyo 283 ulitoa shaba inayokadiriwa kuwa tani 650,000, kiasi ambacho Gécamines iliweza kukitoa kwa muda usiofika miaka miwili. Moshi wa tanuri zake uliharibu mashamba, wakulima wakaandamana, na mwaka 1905 tanuri zikahamishiwa kisiwani. Mgodi ulipokwisha, Sumitomo haikuondoka. Viwanda vya kemikali na mashine vilivyozaliwa na mgodi vilibaki mjini. Leo watalii hupanda treni ndogo hadi kwenye mahandaki, wakaonyeshwa sanamu za wachimbaji wakiwa kazini. Simtaji Niihama ili kuiaibisha Likasi. Nataka tu ionekane kwamba mgodi kuisha si lazima uwe mwisho wa mji. Besshi iliisha kwa sababu shaba ilikuwa imepungua. Chini ya Likasi shaba ingali tele.

Umaskini ulipoingia, wanasiasa walitafuta wa kulaumiwa. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Muluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Katanga, gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama chake cha UFERI walikuwa tayari wakihubiri kwamba Wakasai wamewapokonya wenyeji kazi na nyumba. Vijana wa chama wakaingia mitaani. Likasi ilikuwa mojawapo ya miji ya kwanza kuungua. Watu waliozaliwa Panda, ambao baba zao na babu zao walizikwa Likasi, waliambiwa warudi kwao, nao hawakuwa na kwao kwingine. Waliitwa bilulu, wadudu. Msomaji ataona kwamba neno hilo lina kiambishi kilekile cha bi- nilichokisifu hapo juu. Lugha iliyowaunganisha watu wa kambi ndiyo iliyotumika kuwatoa katika ubinadamu, na mimi ninayeipenda lugha hii siwezi kuificha sura hiyo yake.

Maelfu kwa maelfu walikimbilia shuleni na kwenye stesheni ya reli ya Likasi. Walilala hapo wiki kwa wiki, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, wengine wakifa kwa kuhara na surua kabla treni haijafika, wengine njiani. Reli iliyowaleta babu zao tangu 1928 ndiyo iliyowaondoa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi, na katika mkoa mzima waliofukuzwa walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Kiwanda cha Shituru kilipoteza mafundi wake wengi mara moja, na hakuna mwenyeji aliyetajirika kwa sababu hiyo.

Hapo ndipo historia ya Likasi inapowagusa wanafunzi wangu wa pande zote mbili, Wamalawi na wakazi wa Dzaleka. Neno mwenyeji katika kamusi halina ugumu: ni mtu wa mahali. Lakini Likasi haikuwa na mtu ambaye baba wa babu yake alizaliwa katika mji huo, kwa sababu mji wenyewe haukuwako. Kila mtu aliletwa, au alikuja, au alizaliwa na aliyeletwa. Nikiwaambia wanafunzi watunge sentensi yenye neno mwenyeji, huandika upesi. Nikiwaambia waitunge kuhusu Likasi, kalamu husimama. Siku moja kijana mmoja aliuliza ni miaka mingapi inatosha. Darasa lilibishana hadi kengele ikalia, na sikuwa na jibu la kuwapa.

Mwaka 2003 Gécamines iliwalipa zaidi ya wafanyakazi 10,000 ili waondoke, kwa fedha za Benki ya Dunia. Wengi walipata malipo ya mara moja baada ya utumishi wa miaka mingi. Shinkolobwe, ambako mahandaki ya zamani yalikuwa yamezibwa kwa zege, ilivamiwa na wachimbaji wadogo waliotafuta kobalti. Serikali iliifunga rasmi Januari 2004, na Julai mwaka huo sehemu yake ikaporomoka na kuua watu wanane. Kwingineko mkoani kampuni za kigeni zimefufua uchimbaji, safari hii kwa ajili ya betri za simu na magari ya umeme, na kandokando ya barabara wachimbaji wa mkono wanapita na magunia ya mawe juu ya baiskeli.

Wakasai wengi walirudi Katanga kimyakimya baada ya utawala wa Mobutu kuanguka mwaka 1997. Baadhi walikuta nyumba zao zina watu wengine.

Mwaka 1965, huko Elisabethville, mtu aitwaye André Yav alikamilisha maandishi ya Kiswahili juu ya historia ya mji, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Aliyaita msamiati wa mji, ingawa si kamusi: ni historia nzima ya Katanga kwa macho ya watu waliopika na kufua. Yalipigwa chapa kwa taipureta, bila alama nyingi za uandishi, kwa tahajia ya kusikia. Fabian aliyachapisha upya mwaka 1990. Mwaka huu nitawasomesha wanafunzi wangu kurasa zake chache, kwa sauti, kwa sababu kwa macho peke yake hayasomeki. Wale wa Dzaleka, nadhani, watatangulia kuelewa.